Kamera za nyumbani: anza na mashine ya kurekodi, ndipo ununue kamera

Simu ninazopokea zinafanana. "Fundi, nina nyumba Iyunga hapa Mbeya, vyumba vitatu na banda la uani, nichukue kamera gani?" Mwingine yuko Mafinga, mwingine Tukuyu, na swali ni hilohilo: kamera gani, megapikseli ngapi, usiku inaona? Ni maswali mazuri. Lakini karibu hakuna anayeniuliza zile picha zitakaa wapi na zitakaa siku ngapi. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu, ili anayenipigia asome kwanza, halafu tuongee tukiwa tunaelewana.

Kuna mama mmoja wa Uyole aliniita baada ya kuibiwa. Alikuwa ameondoka Jumapili kwenda msibani Kyela, akarudi Jumanne ya wiki iliyofuata, akakuta paneli ya sola imeng'olewa juu ya bati la jikoni na pampu ya kisima haipo. Jirani yake alisikia mbwa wakibweka sana usiku wa kuamkia Jumatano, siku ya tatu tangu aondoke. Kamera zilikuwepo nne, nzima zote, picha safi kabisa. Tulikaa mbele ya runinga jioni ile, mimi nikiwa na mausi mkononi, nikirudisha nyuma siku moja baada ya nyingine. Jumatatu ipo. Jumapili ipo. Jumamosi, Ijumaa, zipo. Alhamisi alfajiri picha zikaishia hapo. "Mwanangu, rudisha tena kidogo tu," akaniambia. Hapakuwa na pa kurudi. Nilipofungua mashine nikakuta diski ya GB 500. Aliyemfungia aliweka ile kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani siku hiyo, na hakuna aliyemweleza mama kwamba ina maana ya siku tano na nusu.

Kamera ni jicho, mashine ni kumbukumbu. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, usiruke.

Kabla hujatoa hata shilingi, kuwa na vitu hivi:

- Karatasi yenye mchoro wa nyumba yako, hata wa mkono. Onyesha geti, milango, uani, banda, tanki la maji, na mahali umeme unapoingilia.
- Futi kamba. Pima umbali kutoka kila sehemu utakapoweka kamera hadi mashine itakapokaa, ukifuata njia ya waya, yaani kupanda ukutani na kuzunguka dari.
- Runinga au monita yenye tundu la HDMI. Utaihitaji siku ya kufunga hata kama baadaye utatazama kwa simu.
- Flashi moja isiyo na kitu ndani.
- Daftari la kuandika nywila. Usiandike kwenye simu peke yake, simu inaibiwa pia.
- Jibu la swali moja: ukisafiri, safari yako ndefu huwa ni ya siku ngapi?

Intaneti sikuiweka kwenye orodha, na hili huwashangaza wengi. Mashine inarekodi bila bando hata la shilingi mia. Intaneti ni ya kukuwezesha kutazama ukiwa mbali, basi.

Hatua ya 1: Hesabu kamera, kisha nunua nafasi zaidi ya hizo

Mashine zinauzwa kwa chaneli: 4, 8, 16. Chaneli moja ni kamera moja. Ukihitaji kamera nne, chukua ya chaneli nane. Sijaona nyumba ambayo baada ya mwaka haikuongeza kamera: mara banda la kuku, mara fremu ya duka mbele, mara ukuta wa nyuma ambao mwanzoni ulionekana hauna shida. Ukiwa na ya chaneli nne iliyojaa, kamera ya tano inamaanisha kununua mashine nyingine nzima. Tofauti ya bei kati ya chaneli nne na nane ni ndogo ukilinganisha na hasara hiyo.

Hatua ya 2: Amua siku

Mashine ikijaa haisimami. Inafuta picha za zamani kabisa na kuandika mpya juu yake, usiku na mchana. Kwa hiyo ukubwa wa diski ni idadi ya siku unazoweza kurudi nyuma. Mimi nashauri isipungue siku kumi na nne kwa familia inayosafiri kwenda misibani na shambani. Kama nyumba ina wapangaji au unaishi mbali nayo na unakuja mara moja kwa mwezi, weka thelathini. Andika namba hiyo kwenye mchoro wako, tutaitumia hatua ya 4.

Hatua ya 3: DVR au NVR?

Hapa watu wanachanganyikiwa bila sababu. Ni aina mbili za mashine ya kurekodi, na tofauti iko kwenye waya.

DVR inapokea kamera za waya wa mviringo unaofanana na ule wa antena, RG59, wenye vichwa vya BNC. Kamera inahitaji pia waya wa pili wa umeme wa volti 12. Waya mwingi unaouzwa una zote mbili zimeshikana ubavuni. Nyingi zilizoko madukani leo zinaitwa XVR. Hizo ni DVR zinazokubali kamera za waya za aina karibu zote, na zinakuachia pia nafasi chache za kamera za IP, yaani zile za waya wa mtandao. Kama una kamera za zamani unataka kuzitumia tena, XVR ndiyo yako.

NVR inapokea kamera za IP kwa waya wa mtandao, Cat5e au Cat6. Ukinunua yenye PoE, mgongoni mwake kuna matundu ya waya hizo, na kamera inapata umeme humohumo kwenye waya wa picha. Waya mmoja tu kwa kila kamera, hakuna adapta juu ya dari. Kikomo cha waya huo ni mita 100. Nyumba ya kawaida haifiki huko.

Ushauri wangu kwa nyumba ya mjini yenye kamera nne hadi sita na bajeti ya kubana: XVR na kamera za MP 2 (megapikseli mbili) za chapa inayoeleweka. Mafundi wa kuitengeneza wapo kuanzia Kabwe hadi Makambako, na kamera ya kubadilisha hutaitafuta sana. Kama ndiyo unajenga na dari haijafungwa, pitisha waya wa mtandao na uchukue NVR ya PoE. Utashukuru baadaye ukitaka picha kali zaidi.

Onyo la kwanza: kamera ya IP haiingii kwenye tundu la BNC, na kamera ya BNC haiingii kwenye NVR. Linaonekana jambo dogo, lakini nimeletewa mizigo iliyotoka Kariakoo kwa basi ikiwa na mashine ya aina moja na kamera nne za aina nyingine. Ukinunua kamera za IP za chapa tofauti na NVR, hakikisha zote mbili zimeandikwa ONVIF kwenye boksi, ndiyo lugha ya pamoja ya vifaa hivi, la sivyo zinaweza kugoma kuelewana.

Onyo la pili ni la kamera za balbu, zile za kufunga kwenye holda ya taa na kadi ya memori ndani. Siwakatazi. Lakini mwizi akifungua balbu ameondoka na kamera pamoja na ushahidi. Zitumie kama nyongeza.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya diski

Hesabu hii ni nyepesi, usimwachie muuzaji.

Kwenye mipangilio ya kila kamera ndani ya mashine kuna namba inayoonyesha ni data kiasi gani inaandikwa kwa sekunde. Utaona 1024, 2048, 4096 na kuendelea, ikifuatiwa na Kbps. Kila 1024 ikirekodi saa 24 inakula GB 11. Shika hiyo 11.

Kamera ya MP 2 kwenye mfumo wa H.265, ule mpya wa kubana picha zichukue nafasi ndogo, inatoa picha nzuri kwa 2048, yaani GB 22 kwa siku. Kamera nne ni GB 88 kwa siku. Sasa gawanya, ulinganishe na siku ulizoandika hatua ya 2 (TB 1 ni GB 1,000):

GB 500 ÷ 88 = siku tano na nusu hivi. Hii ndiyo ya yule mama wa Uyole.
TB 1 ÷ 88 = siku kumi na moja.
TB 2 ÷ 88 = siku ishirini na mbili.

Kamera hizohizo kwenye mfumo wa zamani wa H.264 zinahitaji takriban mara mbili, 4096, ili picha ibaki na ubora uleule. Hapo TB 1 inashuka hadi siku tano na kitu. Ndiyo maana mashine ya bei rahisi isiyo na H.265 inakuja kuwa ghali: unachookoa kwenye mashine unakilipa kwenye diski.

Mfano wa nyumba kubwa: kamera nane za MP 4, kila moja 4096. Moja inakula GB 44, nane zinakula GB 352 kwa siku. TB 4 itakupa siku kumi na moja tu. Watu wengi wanapandisha megapikseli bila kupiga hesabu hii, halafu wanashangaa picha za wiki iliyopita hazipo. Ningekuwa mimi, ningeweka kamera moja ya MP 5 getini panapotakiwa sura, na MP 2 kwingine kote.

Kuhusu kurekodi pale tu panapotokea mwendo: inaokoa nafasi, ni kweli. Lakini Rungwe na Tukuyu migomba haitulii, mvua hainyamazi, na kila jani likitikisika mashine inarekodi. Wakati huohuo mtu anayetembea polepole kwenye ukungu anaweza kupita bila kuiamsha. Rekodi saa zote, na uwashe alama ya mwendo ili iwe rahisi kutafuta. Piga hesabu ya diski kana kwamba hakuna kupumzika.

Na usishtuke diski ya TB 1 ikionyesha 931 ndani ya mashine. Hujaibiwa, ni namna mbili tofauti za kuhesabu.

Hatua ya 5: Nunua diski ya kazi hiyo

Kuna diski zilizotengenezwa kwa kazi ya kamera, kuandika mfululizo bila kulala. Zinazojulikana ni WD Purple na Seagate SkyHawk. Diski ya kompyuta ya kawaida itafanya kazi pia, kwa muda, kisha inaanza kuruka vipande, na utagundua siku unapokihitaji kipande hicho. Hapa msibane matumizi. Ni heri upunguze kamera moja kuliko kuweka diski iliyotolewa kwenye kompyuta ya zamani.

Tatizo letu kubwa ni diski zilizotumika zinazouzwa kama mpya, zimesafishwa na kufungwa nailoni. Kukagua kwa macho hakutoshi, ila anza nako: geuza diski, tazama matundu ya skrubu pembeni. Kama skrubu imewahi kuingia, utaona rangi imekwaruzwa kwenye ukingo wa tundu, na vile vichwa vya shaba vya SATA, pale waya unapochomekwa, vitakuwa na mistari myembamba ya kuchomekwa. Kisha mwambie muuzaji aichomeke kwenye kompyuta na afungue programu ya kusoma afya ya diski. Kuna mstari wa idadi ya saa ilizowashwa. Diski mpya inaonyesha sifuri au saa chache sana. Ukiona 20,000, hiyo imeshafanya kazi zaidi ya miaka miwili usiku na mchana. Irudishe mezani, sema asante, ondoka.

Dai risiti ya EFD na garantii iliyoandikwa namba ya diski yenyewe. Kama unaagiza kutoka Dar, omba diski isafirishwe nje ya mashine, imeviringishwa peke yake. Safari ya zaidi ya kilomita 800 kwenye buti la basi, ikigongwa ndani ya boksi la bati, si rafiki wa kitu kinachozunguka.

Hatua ya 6: Soma boksi la mashine

Tazama mambo manne.

Kwanza, H.265 iwepo. Pili, kikomo cha ukubwa wa diski. Mashine ndogo nyingi zina nafasi ya diski moja tu, na kila moja ina kikomo chake cha TB. Tatu, kwa NVR, angalia jumla ya Mbps inazoweza kupokea (Mbps 1 ni kama Kbps 1000). Kama imeandikwa 40 na una kamera nane za Mbps 6, jumla ni 48, haitoshi hata kama chaneli zipo nane. Nne, angalia kasi ya fremu, yaani picha ngapi kwa sekunde, kwenye ubora wa juu. Zipo zinazoandika MP 5 kwa herufi kubwa mbele ya boksi, na nyuma kwa herufi ndogo zinakiri kwamba kwa MP 5 fremu zinashuka sana. Mtu anayekimbia anaonekana akiruka kutoka geti hadi mlangoni bila kupita katikati. Kwa nyumba, fremu 12 hadi 15 kwa sekunde zinatosha. Chini ya hapo sikushauri.

Hatua ya 7: Umeme na radi

Mashine yenye diski moja pamoja na kamera nne zinakula takriban wati 35. Kwa siku ni chini kidogo ya uniti moja, kwa mwezi kama uniti 25 za LUKU. Kama uko kwenye kundi la matumizi madogo lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni theluthi nzima, ijumlishe kwenye hesabu yako kabla.

UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, ni ya lazima, kwa sababu mbili. Mwizi anapenda giza la umeme kukatika. Na diski inayokatiwa umeme ghafla kila siku inakufa mapema. UPS ndogo yenye betri ya volti 12, Ah 7, itakubeba saa moja na kidogo kwa mzigo huo ikiwa mpya. Kumbuka kuchomeka adapta ya kamera kwenye UPS pia, si mashine peke yake. Mashine iliyowaka huku kamera zimezimika inarekodi weusi.

Wenye sola, najua mnataka kuunga moja kwa moja kwenye betri kwa kuwa vyote ni volti 12. Betri ikiwa inachajiwa inafika volti 14 na zaidi. Weka kifaa cha kushikilia volti 12 katikati, la sivyo utaunguza kamera zote asubuhi moja yenye jua kali.

Sasa radi. Huku kwetu kuanzia Novemba hadi Aprili, radi ndiyo adui mkuu wa mashine hizi kuliko mwizi mwenyewe. Haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga jirani, nguvu inaingia kwenye waya mrefu wa kamera iliyo kwenye nguzo ya geti, inasafiri hadi ndani, na unaamka matundu mawili ya mashine yamekufa. Hakikisha nyumba ina waya wa ethi unaofika kweli ardhini kwenye udongo wenye unyevu. Weka vizuia radi kwenye waya za kamera zilizo mbali na nyumba. Na wingu la mvua kubwa likianza kutanda ukiwa nyumbani, kuchomoa waya wa nguzo ile kabla radi haijaanza si woga.

Ukinunua waya, kwangua ncha kwa kisu. Shaba kamili ni nyekundu hadi ndani. Ukikwangua ukaona rangi ya fedha, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwenye umbali mrefu umeme unapungua njiani na kamera ya mwisho inazimika usiku taa zake zikiwaka.

Hatua ya 8: Iweke wapi?

Isikae chini ya runinga sebuleni. Mwizi aliyeingia ndani anaibeba, na amebeba kila kitu. Isikae stoo kwenye magunia ya mahindi pia, nimeona waya zilizotafunwa na panya hadi shaba ikabaki wazi, na vumbi la pumba likiziba feni. Isikae juu ya sabufa. Mtikisiko unaiumiza diski. Isikae jikoni kwenye mvuke na moshi.

Mahali pazuri ni ndani ya kabati la chumba cha kulala, juu, lenye kufuli na matundu ya hewa pande mbili. Baridi yetu ya Juni na Julai haiidhuru mashine iliyowashwa muda wote, yenyewe inajipasha. Kinachodhuru ni unyevu: mashine iliyokaa imezimwa kwenye chumba chenye baridi, usiiwashe dakika hiyohiyo unapoileta sehemu yenye joto. Iache saa mbili.

Hatua ya 9: Ijaribu mezani

Usipande juu ya dari kabla vyote havijawaka mezani. Unga mashine, diski, kamera zote, runinga. Fomati diski ndani ya mashine yenyewe. Iache irekodi usiku kucha. Asubuhi rudisha nyuma kila kamera, tazama kama kuna pengo, kisha hamishia dakika tano kwenye flashi na uifungue kwenye kompyuta. Kama hatua hii ina kasoro, ni rahisi kurudisha kitu dukani kikiwa bado kina nailoni yake.

Hatua ya 10: Saa, nywila, na simu

Saa ndiyo inayoharibu ushahidi mwingi. Mashine nyingi zinatoka kiwandani China zikiwa na ukanda wa saa wa GMT+8. Sisi ni GMT+3. Ukiiacha hivyo kisha ikajirekebisha yenyewe kwa intaneti, itakuwa mbele saa tano. Badilisha ukanda, na uzime kile kipengele cha kusogeza saa wakati wa kiangazi, sisi hatukitumii.

Halafu kuna saa ya Kiswahili. Mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane. Jirani akikuambia alisikia kishindo saa nane usiku, tafuta 02:00. Nimekaa na mzee mmoja wa Ilomba aliyetafuta usiku kucha kwenye 20:00, na hakuona kitu isipokuwa watoto wake wakienda kulala.

Nywila ibadilishe siku ileile. Iliyotoka kiwandani inajulikana na kila mtu. Fundi akimaliza kazi, mwambie akuachie nywila ya msimamizi, kisha uibadilishe akiwa ameshaondoka, hata kama ni mimi.

Kwa kutazama kwa simu, chagua picha ya ubora mdogo. Kwa Kbps 500 hivi inakula MB 225 kwa saa, kwenye laini ya rauta nyumbani na kwenye simu yako pia. Wanaouliza kuhusu kuhifadhi picha zote mtandaoni badala ya diski: kamera moja ya 2048 ni GB 22 kwa siku za kupandisha. Jumlisha bando mwenyewe.

Na kamera isitazame uani kwa jirani wala dirisha lake. Ni heshima, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ni jambo la kisheria vilevile. Mashine nyingi zina uwezo wa kuziba sehemu ya picha kwa kiboksi cheusi, kitumie.

Matatizo yanayorudi rudi

Mashine inalia pii, pii, pii bila kunyamaza. Mara nyingi haioni diski, au diski ina hitilafu. Zima, chomoa, chomeka upya waya wa SATA na wa umeme wa diski. Ikiendelea, fungua ukurasa wa hali ya diski. Usikimbilie kuzima sauti ya onyo. Nimekuta nyumba ambayo sauti ilizimwa na mashine haikurekodi chochote kwa miezi.

Kila umeme ukikatika, tarehe inarudi miaka ya nyuma. Betri ndogo ya duara ndani, kwa kawaida CR2032, imekwisha. Ni ya bei ndogo, badilisha.

Mchana kamera inaonekana, usiku inazimika au inawaka na kuzimika. Taa za usiku zinavuta umeme zaidi, adapta imezidiwa au waya ni wa aluminiamu. Jaribu kamera hiyo karibu na adapta kwa waya mfupi. Ikiwaka vizuri, tatizo ni waya.

Usiku picha ni nyeupe kama maziwa. Kwa Njombe, Mafinga na Tukuyu huenda ni ukungu unaorudisha mwanga wa kamera. Zima taa za kamera na uwashe taa ya nje iliyo mbali nayo kidogo. Kabla ya hapo angalia utando wa buibui mbele ya kioo, mara nyingi ndiyo huo.

Mistari inayopanda na kushuka kwenye picha. Waya wa kamera umelazwa pamoja na waya wa umeme wa nyumba. Utenganishe walau kwa upana wa futi moja, na pale ambapo lazima zikutane zikatize kama msalaba.

Inaonekana kwenye runinga, kwenye simu hapana. Angalia kwanza kama bando la rauta limekwisha. Kurekodi kunaendelea kama kawaida, usiizime mashine.

Picha zipo siku tatu wakati ulipiga hesabu ya kumi na moja. Fungua mipangilio ya kila kamera; huenda zimerudi H.264 au Kbps zimepandishwa baada ya mtu kubonyeza "rudisha mipangilio ya kiwandani".

Umeibiwa leo. Usisubiri fundi, na usichezee mipangilio. Chomeka flashi, chagua kamera na muda, anza nusu saa kabla ya tukio hadi nusu saa baada yake, hamisha. Tengeneza nakala mbili: moja uende nayo kituo cha polisi unapofungua RB, moja ibaki kwako. Kama flashi haitambuliwi, ifomati kwa FAT32 kwenye kompyuta na urudie. Ikishindikana kabisa, zima mashine kwa utaratibu kutoka kwenye menyu yake na uiache imezimwa hadi apatikane mtu wa kuitoa picha, maana ikiendelea kuwaka inaelekea kufuta siku hiyo.